Kaka Aliyeitwa Kusoma Barua ya Posa

Datius aliingia nyumbani kwetu kwa mlango wa mbele kwa mara ya kwanza siku ya Jumanne, saa tisa alasiri, akiitwa kaka yangu.

Asubuhi ile nilikuwa nimetandaza nyasi mpya sakafuni. Shangazi Kokuberwa, dada yake baba, ndiye aliyeniambia nikate nyasi za kutosha kwa sababu kuna mgeni. Sikuuliza mgeni gani. Siku hizo nilikuwa siulizi kitu. Nikiambiwa kata nyasi nilikata, nikiambiwa pika nilipika, na kati ya kazi moja na nyingine nilikaa tu, kama mtu aliyesimama njiani akasahau alikuwa anakwenda wapi.

"Karibu, mwanangu," baba alisema. "Ingia. Usibishe hodi tena kama mpita njia. Hii ni nyumba yako."

"Asante, Tata," Datius alijibu.

Tata. Yaani baba. Wiki tatu nyuma alikuwa akimwita Mzee Mushumbusi, tena kwa mbali, kutoka upande wa kibanja chao, shamba lao la migomba. Nilipiga magoti nikamsalimu kama msichana anavyomsalimu kaka yake mkubwa. Aliitikia akiwa anatazama kitambaa changu cha kichwa. Macho yake hayakushuka zaidi ya hapo.

Shangazi alimletea kahawa za kutafuna katika kikapu kidogo.

"Mtazameni," alisema. "Mrefu kama mgomba ambao haujazaa. Kwenu hawakulishi? Sasa umekuwa mtoto wetu, waitu mpenzi, ukichelewa kula nitakuchapa."

"Nitawahi, Shangazi."

"Mwalimu mzima kuchapwa!" Shangazi alicheka mpaka akashika mlango. Baba naye alicheka. Datius alitabasamu kidogo, akatia punje moja ya kahawa mdomoni, na nikaona kwamba haitafuni.

Tulifika hapo kwa njia ambayo sisi wenyewe tuliifyeka, mimi na yeye.

Kijiji chetu, Nyakahita, kiko Muleba, upande wa milima ambako unaliona ziwa siku isiyo na ukungu. Hatukuwa na shule. Watoto walikwenda ile ya misheni, mwendo wa saa mbili kupitia bondeni, na mvua ya kwanza ikinyesha wengi waliacha. Mimi niliachia darasa la tatu, mwaka ambao maji yalichukua magogo ya daraja. Baada ya Uhuru wazazi walikaa wakasema tusingoje kuletewa, tujenge wenyewe. Datius, aliyekuwa amemaliza darasa la nane, akaanza kufundisha chini ya banda la kuanikia kahawa, nyumba zikipeana zamu ya kumlisha.

Watoto hawakuwa na vibao. Waliandika kwa mwiba juu ya jani la mgomba. Ukichora, mwanzoni hakuonekani kitu, halafu polepole mstari unageuka mweusi. Kila asubuhi mimi nilikata majani nikayapeleka. Nikawa nakaa nyuma nikisikiliza. Nikawa nawashika mikono wale wadogo ili mwiba usiwachome. Siku moja nilikuta jani juu ya jiwe nililozoea kukalia, nikaona jina langu linatokea juu yake, herufi baada ya herufi. Aliyeliandika alikuwa ameondoka muda huo huo.

Lakini baba zetu hawakuwa wanasalimiana. Kati ya vibanja vyao palikuwa na uwanja tambarare, na milamula iliyopandwa kuonyesha mpaka iling'olewa usiku mmoja, hakuna aliyekiri. Miaka kumi na moja kila mmoja aliuita uwanja ule wake. Na katika Nyakahita nzima hapakuwa na mahali pengine pa kujenga shule. Kwingine kote ni mawe na mteremko. Tukaamua, mimi na Datius, kwamba kwanza tuwapatanishe wazee, shule ipate uwanja, ndipo watu wake waje kuniposa. Mpaka siku hiyo tusionekane hata tukisimama pamoja, watu wasije wakasema tunajenga shule ya uchumba wetu. Tulificha vizuri sana. Hakuna aliyejua, hata Shangazi, ambaye anajua kuku gani ametaga wapi.

Na wazee wakapatana.

Siku hiyo baba aliniita akasema, "Nenda kwenye mibuni, unichagulie tunda moja lililoiva, lenye punje mbili nzima." Nilikuwa na furaha mno hata sikujiuliza kwa nini moja. Nilichagua nusu saa. Wanaume wakajifungia ndani, baba na Mzee Rutashobya, baba yake Datius, na mashahidi wawili. Mimi nilikuwa jikoni na Shangazi.

"Wanachanjiana," alininong'oneza. "Kila mmoja anajichanja karibu na kitovu, anapaka punje yake damu, mwenziwe anaimeza. Huo ndio upatanisho, bojo, mwanangu. Kuanzia leo watoto wa Rutashobya ni ndugu zako kama mliolala tumbo moja. Umepata kaka!"

Nilikuwa nimeshika chungu cha maharage. Sikukiangusha. Nilikitua polepole, nikakifunika.

Sasa baba alitoa barua ndani ya koti lake.

"Hii ina siku nne," alimwambia Datius. "Nilikuwa nimpelekee katekista anisomee, nikasema hapana. Mambo ya binti hayasomwi na watu wa nje. Mungu si amenipa mtoto anayesoma?"

"Ya nini, Tata?"

"Fungua utaona. Mimi nimeambiwa na aliyeileta, lakini nataka kusikia maneno yao wenyewe."

Datius aliifungua. Alisoma kwa ile sauti yake ya darasani, iliyonyooka, isiyo ya mtu yeyote.

"Kwa Mzee Mushumbusi wa Nyakahita. Salaam nyingi sana. Sisi hapa Kaagya ni wazima, isipokuwa bibi anasumbuliwa na magoti. Mzee, tulipita njia ya kwako wakati wa kipaimara cha mtoto wa dada yetu, tukaona katika kibanja chako mgomba mzuri. Tunaomba chipukizi tukapande kwetu. Kijana wetu anaitwa Privatus. Ana kibanja chake na mibuni yake. Ana baiskeli. Halewi isipokuwa sikukuu."

"Sikukuu ziko nyingi," Shangazi alisema.

"Nyamaza wewe. Endelea, mwanangu."

"Anasema alimwona binti..." Datius alisogeza karatasi karibu na macho.

"Umekwama?"

"Mwandiko, Tata. Mwandiko ni mbaya."

Nilikuwa nimekaa karibu kiasi cha kuona karatasi. Mwandiko ulikuwa kama uliochapwa.

"Alimwona binti akiwafundisha watoto kuandika juu ya majani," alimalizia, "na tangu hapo hajatulia. Tunangoja jibu lako, pamoja na la kaka zake."

"Unaona!" baba alisema. "La kaka zake. Miaka yote nilikuwa naogopa neno hilo, kwa kuwa sikujaliwa mtoto wa kiume. Ningejibu nini?"

Kabla hajaendelea, watu waliita kutoka uwanjani kwamba nguzo za kushikia paa zimefika, aje aonyeshe zisimikwe wapi. Baba alitoka mbio kama kijana. Wingu lilikuwa linakuja kutoka ziwani, kwa hiyo Shangazi naye alikimbilia nyuma ya nyumba kukusanya kahawa iliyoanikwa.

"Kaeni mzungumze," alisema akipita. "Msiwe kama wageni!"

Wakatuacha peke yetu. Zamani Shangazi akiona hata kivuli cha mwanamume karibu na mlango wetu alikuwa anakohoa mpaka kiondoke. Lakini nani anamlinda binti asikae na kaka yake?

"Jovita," Datius alisema.

"Bee."

"Usiniitikie hivyo."

"Niitikie vipi?"

Alikunja barua, akaikunjua.

"Nilitaka kuichana."

"Tata angekuuliza kwa nini."

"Ningemwambia kwa nini." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Unajua kwamba ni mimi niliyesema? Nilimwambia baba, mkipatana msipatane kwa maneno matupu. Patanani kwa kitu ambacho hata mjukuu hawezi kukivunja. Ni maneno yangu haya haya. Nilikuwa nafikiria harusi yetu, Jovita. Nilifikiri amani yao ikiwa ngumu ndipo itatubeba."

"Na mimi nilichagua tunda."

"Hukujua."

"Na wewe hukujua."

Matone ya kwanza yalipiga paa la nyasi. Nyuma ya nyumba tulimsikia Shangazi akiwagombeza kuku. Datius alisogea mbele kwenye kiti.

"Nimekwenda kwa Padri."

"Akasemaje?"

"Amesema mambo hayo ni ya kipagani, hayamfungi Mkristo. Mimi si kaka yako mbele ya Mungu. Yuko tayari kuandika barua tufungishwe ndoa Bukoba mjini. Halafu twende kisiwani Bumbire, mjomba wangu anavua kule, atatupokea. Tukae mpaka wazee wapoe." Alinitazama machoni, mara ya kwanza siku ile. "Sema neno."

Nilingoja moyo wangu uruke. Nilijua kwamba hapo ndipo pa kuruka. Wiki tatu nilikuwa nikiomba kuwe na mlango, na sasa mlango ulikuwa umefunguliwa. Nilingoja kama unavyomngoja mtu uliyemtuma dukani. Haukuruka.

"Na shule?" niliuliza.

"Shule itakuwa pale pale."

"Uwanja ule ni wa nani, Datius?"

Akatazama nje, upande wa uwanja.

"Ni wa nani?"

"Ni wa undugu wao," alisema.

"Basi undugu ukivunjika, baba yako anachukua panga lake na wangu anachukua lake. Mpaka watauchora katikati ya darasa."

"Kuta zimefika madirishani. Hawawezi."

"Waling'oa milamula wakiwa peke yao usiku. Kuta za udongo zitawashinda?"

Aliinamisha kichwa. Alijua watoto wale kwa majina kuliko mimi. Alijua yupi anatembea kutoka bondeni na yupi amechelewa kuanza mpaka ameota ndevu. Sikumtajia hata mmoja. Haikuwa haki kumtajia.

"Hulii," alisema baadaye. "Tangu siku ile sijakuona unalia. Mimi nimelia kama mtoto. Ungelia, ningejua."

"Ungejua nini?"

"Kwamba nilikuwa kitu kwako."

"Nimejaribu," nilimwambia. "Nilikwenda mtoni nikakaa makusudi nilie. Maji yalipita, mimi nikakaa. Nikarudi na ndoo. Nikikuambia hivyo utaniamini?"

Alinyoosha mkono. Uliishia juu ya nyasi, katikati yetu. Niliutazama. Ulikuwa na chaki kwenye kucha na madoa ya udongo. Nilijua nikiweka wangu juu yake, nisingeuondoa. Kwa hiyo nilibaki na mikono yangu magotini mpaka Shangazi akaingia amejitwika kikapu cha kahawa, akilalamika kwamba mvua ya siku hizi haina adabu, na Datius akarudisha mkono wake.

Baba alirudi saa nzima baadaye, mabega yakiwa yamelowa, uso unang'aa.

"Nguzo nzuri!" alisema. "Unajua nani kazitoa? Rutashobya. Kakata miti yake mwenyewe, hakuna aliyemwambia. Nikamwambia, ndugu yangu, nyingine ungeacha. Akasema, za nini, na watoto wetu wanalowa? Kisha akanipeleka kwake tukala." Alikaa kwa kishindo. "Miaka kumi na moja sijala kwa yule mtu. Leo nimekula mpaka nikaona aibu."

"Walikupa nini?" Shangazi aliuliza.

"Senene."

"Na hukutuletea!"

"Nimesema nimeona aibu, sikusema nimepona uchoyo." Baba alijifuta uso, akamgeukia Datius. "Haya. Kalamu unayo? Tujibu watu wa Kaagya. Kwetu binti haendi mpaka kaka yake akubali, na kaka akikataa, hata mimi baba nanyamaza. Umesoma barua. Unasemaje?"

Datius alitoa kalamu na daftari mfukoni.

"Sikubali," alisema.

"Yoo!" Shangazi alishika kichwa.

"Sikubali sasa. Shule inafunguliwa. Wadogo ni wengi, peke yangu siwawezi, na wao wamemzoea Jovita. Akae. Mwaka ujao tutaona. Au ule mwingine."

"Mwanamume mwenye baiskeli hangoji mwaka mwingine," Shangazi alisema. "Atapiga kengele kwa jirani."

Baba aliwaza. Alikuwa anapendezwa, niliona. Alikuwa amepata mtoto wa kiume, na mtoto huyo anasema neno zito mbele yake. "Kaka amesema," alisema hatimaye. "Andika hivyo. Waambie wangoje."

Datius akafungua kalamu.

Kila mtu mle ndani alisikia kaka anazungumza. Mimi peke yangu nilimsikia yule mwingine. Alikuwa amepata njia ya kunibakiza karibu, na njia yenyewe ilikuwa ile ile iliyotutenganisha. Nikaona siku zitakazofuata. Ningekata majani kila asubuhi. Ningeyapeleka. Angenishukuru kwa sauti ya darasani. Mwezi mmoja, miwili. Kisha mkono ule ungenyooshwa tena, mahali pasipo na Shangazi, na mimi nisingeweza tena kuizuia mikono yangu magotini. Mtoto mmoja angeona, angesimulia nyumbani wakati wa kula. Baba angeacha kula kwa Rutashobya. Nilijua mambo haya kwa uwazi kabisa, bila hofu, kama unavyojua kwamba mvua ikinyesha kahawa ianuliwe.

Mimi si mtu wa kusema mbele ya wanaume. Hata kanisani naimba kwa midomo.

"Kaka," nilisema.

Kalamu ilisimama. Nilikuwa sijawahi kumwita hivyo, hata baada ya punje kumezwa.

"Naomba usiandike hivyo. Andika waje."

"Jovita," baba alisema, "ni wewe unayesema?"

"Ni mimi, Tata."

"Huyo Privatus umemjua wapi?"

"Simjui. Ameandika kwamba aliniona nikifundisha. Hakuandika kwamba aliniona nikilima. Basi aje." Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini haikukatika. "Andika kwamba nitakwenda shule ikishaezekwa, si kabla. Na andika kwamba huko Kaagya, kama kuna watoto wasiokwenda shule, nitawakusanya barazani kwake niwaanzishe kusoma. Akikubali hilo, alete watu wake. Asipokubali, asisumbue baiskeli."

Baba aliangua kicheko. "Wewe wa darasa la tatu?"

"Inatosha, Tata," Datius alisema. Alikuwa hanitazami. "Kuwaanzisha watoto, inamtosha. Nimemwona."

"Na wewe kaka, unakubali sasa?"

Mvua ilikuwa imeshika kweli. Shangazi alikuwa amefungua mdomo apige vigelegele, akaniona usoni, akaufunga. Alinitazama mimi, akamtazama Datius, akanitazama mimi tena. Kisha akainama akaanza kuokota kahawa moja moja kutoka kwenye kikapu kama mtu anayetafuta mbovu. Mpaka leo hajasema alichoona.

"Mwanangu?" baba alisema. "Unakubali?"

"Nakubali," Datius alisema.

Akaandika. Aliandika muda mrefu, ameinama, mvua ikipiga. Baba alimsogezea kigoda ili aweke daftari vizuri, akamwambia asisahau kuwapa pole kwa magoti ya bibi. Alipomaliza akachana ukurasa kwa uangalifu.

"Isome tusikie," baba alisema.

Akaisoma. Kwa ndugu zetu wa Kaagya, salaam nyingi sana. Poleni kwa bibi. Barua yenu imefika na tumeielewa. Binti amekubali, na amesema haya na haya; kila neno langu lilikuwemo, hata la baiskeli. Mwishoni palikuwa na jina la baba, na chini yake: mimi kaka yake, Datius.

Baba alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa polepole kama mtu anayeonja pombe ya rubisi iliyoiva.

"Hiyo ndiyo barua," alisema. "Miaka yote nilikuwa natamani nyumba yangu itoe barua kama hiyo. Isome tena, mwanangu. Kutoka mwanzo, usiruke kitu."

Datius aliinua macho akanitazama mara moja. Kisha akashika karatasi kwa mikono miwili, akaanza tena: kwa ndugu zetu wa Kaagya, salaam nyingi sana. Sauti yake ilikuwa imekauka. Nikainuka, nikaenda kumletea maji, kwa sababu kumletea kaka maji ni kazi ya dada.